Kinjeketile Ngwale: hofu ya wengi na somo la sanaa

Msikilizaji wetu wa Igoma na kandokando ya ziwa, habari za mwisho wa dunia zinapozagaa kwenye simu, watoto nao huzisikia na kuogopa. Mwalimu au mzazi anaweza kuanzia kwa Kinjeketile Ngwale.

Aliishi Ngarambe, upande wa Rufiji, enzi za Wajerumani. Watu walitozwa kodi, wakachapwa viboko na kulazimishwa kulima pamba. Mwaka 1904, wazee husimulia, pepo aitwaye Hongo alimzamisha mtoni. Ndugu walimtafuta wasimwone. Kesho yake akatoka majini nguo zikiwa kavu.

Watu wakamiminika kwake. Aliwafundisha kwamba wao ni wamoja, makabila yote, na kwamba wazee waliokufa watarudi. Aliwapa dawa ya maji, mtama na mafuta ya nyonyo, wakaamini risasi zingegeuka maji.

Aliwataka wangoje amri yake. Wamatumbi hawakungoja: mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba, vita ya Majimaji ikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Mohoro. Mwezi huohuo, maelfu walishambulia boma la Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Vita ilikwenda hadi 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria waliokufa kufikia 300,000.

Je, aliwadanganya, au naye aliamini? Ebrahim Hussein aliliweka swali hilo jukwaani katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969.

Darasani haihitajiki rangi ya dukani. Kwa mkaa, kila mtoto achore picha mbili: kitu ambacho watu wale walikiogopa, na kitu walichokitumaini. Kisha wafinyange kibuyu cha dawa kwa udongo wa mfinyanzi. Mwisho waigize: mmoja alete uvumi, wenzake waamue kama waukimbilie au waulize kwanza umetoka wapi.

Usimcheke mtoto anayeogopa, wala usiwacheke waliokunywa yale maji. Walikuwa na sababu ya kuogopa, na umoja walioupata ulikuwa wa kweli. Dawa ndiyo haikuzuia risasi. Mtoto akishaona tofauti hiyo kwenye picha yake mwenyewe, ujumbe wa kutisha ukiingia kwenye simu atauliza kabla ya kuusambaza.