Vivien Thomas: seremala aliyesaidia kuokoa watoto, jina lake likaachwa nje

Leo tunamwangalia Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi ya mtafiti huku akilipwa kama mfagizi.

Thomas alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana, akakulia Nashville. Alikuwa seremala, akiweka akiba ili asomee udaktari. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulimkosesha kazi, na benki iliyotunza fedha zake ikafilisika. Mwaka 1930 aliajiriwa katika maabara ya Dk. Alfred Blalock, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Mwaka 1941 wote wawili walihamia Johns Hopkins, mjini Baltimore.

Huko, Dk. Helen Taussig alikuwa akihudumia watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo. Damu haikufika ya kutosha kwenye mapafu yao, midomo na kucha zikawa za buluu, na wengi walikufa wakiwa wadogo. Taussig alitoa wazo kwamba damu hiyo ingeweza kuongezwa. Blalock akampa Thomas kazi ya kutafuta njia. Thomas alifanya majaribio kwa mbwa wapatao 200, mpaka akajua namna ya kuiunganisha mishipa.

Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alimpasua mtoto wa kwanza, mwenye umri wa miezi 15. Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma yake, akimwelekeza hatua kwa hatua.

Ripoti ilipochapishwa mwaka 1945, ilibeba majina mawili tu: Blalock na Taussig. Upasuaji wenyewe ukaitwa kwa majina hayo.

Kwa nini tunasema jambo hili ni zito? Kwa mtafiti, jina kwenye ripoti ni kama hati ya shamba. Asiyekuwa nalo hana cha kuonyesha anapodai cheo au mshahara. Thomas aliwafundisha upasuaji madaktari wengi, lakini ili familia ipate riziki, wakati mwingine aliwamiminia vinywaji kwenye sherehe za Blalock.

Mwaka 1976 Johns Hopkins ilimtunuku shahada ya heshima ya uzamivu. Alifariki mwaka 1985. Siku hizi majarida mengi ya tiba huwataka watafiti waeleze nani alifanya nini, na madaktari wengi huutaja upasuaji ule kwa majina matatu: Blalock, Thomas na Taussig.