Archibald Garrod: Daktari aliyeonyesha ualbino unatoka kwa wazazi wote wawili

Katika vijiji vya delta ya Rufiji wilayani Kibiti, kama kwingineko Tanzania, mtoto mwenye ualbino akizaliwa na wazazi weusi, mara nyingi lawama humwangukia mama. Wapo wanaoachwa na waume zao. Jibu la kitabibu kwa lawama hiyo lina zaidi ya miaka 100, na leo tunamkumbuka daktari aliyelianzisha.

Archibald Garrod alizaliwa London mwaka 1857, mtoto wa daktari bingwa wa ugonjwa wa jongo. Mwishoni mwa karne ya 19 alianza kufuatilia watu ambao mkojo wao, ukikaa kwenye hewa, hugeuka mweusi. Wengine walidhani ni vijidudu vya tumboni. Garrod aligundua kuwa wazazi wao, wasio na tatizo lolote, mara nyingi walikuwa mabinamu. Akisaidiwa na mwanabiolojia William Bateson, mwaka 1902 alieleza kuwa hali hiyo hurithiwa, na mtoto huipata akipokea hitilafu kutoka pande zote mbili. Mwaka 1908, katika mihadhara yake, aliuweka ualbino katika kundi hilohilo.

Madaktari wengi wa wakati wake hawakulipa jambo hilo uzito. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikamchukulia watoto wawili wa kiume, na wa tatu akafa kwa mafua mwaka 1919. Mwaka uliofuata akawa profesa wa tiba Oxford. Alifariki mwaka 1936, kabla umbo la DNA halijajulikana.

Leo tunaijua hitilafu yenyewe. Kwa Watanzania wengi wenye ualbino, ni pengo la herufi kama 2,700 katika jeni ya OCA2. Mashine zilizozoeleka husoma DNA kwa vipande vya herufi kama 150, kisha kompyuta huviunganisha, na pengo kubwa linaweza kupita bila kuonekana. Mashine mpya husoma maelfu ya herufi kwa mkupuo mmoja, zikalivuka pengo zima na kulionyesha. Kwa njia hiyo, magonjwa adimu ya kurithi yaliyokaa miaka bila jina yanatambuliwa.

Kwa mama wa Nyamisati, hata hivyo, jambo kubwa lilishajulikana tangu enzi za Garrod. Baba na mama wote hubeba hitilafu hiyo bila kujua, na kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Hakuna wa kufukuzwa nyumbani.