Kabaka Mutesa wa Kwanza na Mitumbwi ya Sese

Mutesa wa Kwanza alitawazwa Kabaka wa Buganda mwaka 1856 akingali kijana. Wengi humkumbuka kwa kuwapokea Speke na Stanley. Nguvu zake ziwani, hata hivyo, zilitoka mikononi mwa mafundi wa visiwa vya Sese. Hao walichonga mkuku wa gogo, kisha wakazishona mbao juu yake kwa nyuzi za mwale, mithili ya mtepe wa Lamu. Mwaka 1875 Mutesa alipeleka mamia ya mitumbwi kupigana na Wavuma. Wapiga kafi wengi walikuwa Wasese, na hatari ya vita visivyo vyao ikawaangukia. Mutesa alifariki mwaka 1884. Jina la visiwa hivyo lilivuka ziwa: huko Kisumu, mashua ya mbao ya mvuvi Mjaluo huitwa sese, ingawa sasa hupigiliwa misumari.