Baden-Powell: Mtoto Aliyesomea Msituni

Katika toleo hili nimeona niwasimulie maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila maskauti wanapopiga gwaride uwanjani, lakini tukiulizwa alikuwa nani hasa, tunabaki kutazamana. Mtu huyo ni Robert Baden-Powell. Alifariki zamani, ila kaburi lake liko hapa hapa Kenya, mjini Nyeri.

Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Februari 1857. Babake alikuwa kasisi na profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mzee huyo alifariki mwaka wa 1860, mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Mama yao, Henrietta, akabaki na kundi la watoto wa kulea. Kaka zake wakubwa walikuwa wakimchukua wakati wa likizo wakaenda kusafiri kwa mashua na kupiga kambi. Wahenga hawakukosea waliposema samaki hukunjwa angali mbichi.

Mwaka wa 1870 alijiunga na shule ya Charterhouse. Miaka miwili baadaye shule hiyo ilihamia Godalming, nje ya jiji, na kando yake palikuwa na kijisitu. Hapo ndipo hadithi inaponoga. Wanafunzi walikatazwa kuingia humo, lakini wapi! Kijana wetu alikuwa akipenya kimyakimya baada ya masomo. Alijifunza kunyata bila kuvunja kijiti, kufuata nyayo za wanyama, kumtega sungura na kumpika kwa moto usiotoa moshi, manake moshi ungewaita walimu. Nisieleweke vibaya: siwashauri wadogo zetu watoroke shule! Ninalosema ni kwamba msitu ule ulimfunza subira, macho makali na kujitegemea.

Masomo ya darasani hayakumpa sifa kubwa. Oxford hawakumchukua. Mwaka wa 1876 alifanya mtihani wa jeshi, akapita vizuri sana, akapelekwa India. Huko ujuzi wa kijisitu ukawa kazi yake: kupeleleza, kusoma nyayo, kuchora ramani.

Sasa wenzangu, tukifika hapa lazima tuseme ukweli wote. Jeshi alilolitumikia ndilo lililoteka nchi zetu. Sisi wa Bungoma tunaijua ngome ya Chetambe karibu na Webuye, ambako Wabukusu walipigwa na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Mwisho wa mwaka huo huo Baden-Powell alikuwa safarini kwenda kuwatiisha Waashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka wa 1896 alipigana na Wandebele, katika Zimbabwe ya leo, na akaidhinisha chifu mmoja, Uwini, apigwe risasi. Uchunguzi ulifanywa, naye hakuadhibiwa. Halafu katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, aliulinda mji wa Mafeking uliozingirwa kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Uingereza nzima ilimshangilia kama shujaa. Lakini ndani ya mji ule Waafrika ndio walioumizwa zaidi na njaa.

Je, basi tumtupe yeye na mafunzo yake? Nimelifikiria sana swali hili. Jibu langu ni hapana, lakini tusimsifu kwa upofu pia. Bunduki yake haikutufaa kitu. Kilichotufaa ni jambo alilolifanya baadaye, alipoamua kuwafundisha watoto.

Kule Mafeking aliona vijana wadogo wakipewa kazi ya kupeleka barua na kuifanya kwa uaminifu. Tena aligundua kwamba kitabu chake cha upelelezi, alichowaandikia askari, kilikuwa kikisomwa na watoto wa shule. Mwezi wa Agosti 1907 akawachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa vibarua, wote wakalala katika kambi moja. Aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoitoa Afrika. Walijifunza kufunga mafundo, kupika, kutazama ndege na kutambua mimea. Mwaka wa 1908 akachapisha kitabu cha skauti kwa wavulana. Mwaka wa 1910, yeye na dadake Agnes wakaanzisha chama cha wasichana. Mwaka wa 1916 akawakumbuka watoto wadogo kabisa. Hapa kwetu Kenya hao wadogo huitwa Sungura, kisha huja Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Majina matamu ya Kiswahili, au sivyo?

Uskauti ulifika Kenya mwaka wa 1910. Yeye mwenyewe, pamoja na mkewe Olave, alihamia Nyeri mwaka wa 1938, akakaa katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu akichora ndege na wanyama. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na umri wa miaka 83. Juu ya kaburi lake kuna alama ya duara yenye nukta katikati. Maskauti wanaijua: maana yake ni kwamba mwenye njia amerudi nyumbani.

Wasomaji wapenzi, nawaomba tusidhani kwamba kusomea msituni kuliletwa na Mzungu. Wazee wetu waliwafunza watoto malishoni na kando ya mito: mti upi ni dawa, uyoga upi ni sumu, ndege yupi hutangaza mvua. Murembe ulijulikana kuwa mti wa heshima kabla ya skauti wa kwanza kuzaliwa. Baden-Powell aliyapanga tu mambo ya namna hiyo katika utaratibu ambao shule yoyote inaweza kuufuata.

Na mahali pa kujifunzia tunapo. Makavazi ya Kitale, yaliyoanzia katika makavazi ya Hugh Stoneham ya mwaka wa 1926, yana msitu wa kiasili na kijia cha kutembelea. Mbuga ya Saiwa ni ndogo na hutembelewa kwa miguu. Humo mna nzohe, yule swara wa majini. Mlima Elgon nao unatutazama kila asubuhi. Lakini kengele ya jioni ikilia, watoto wetu huenda wapi? Wengine tuisheni, wengine kwenye runinga. Mtoto anaweza kutaja wachezaji wote wa Arsenal, ila mvule ulio nyuma ya nyumba yao hajui jina lake. Atautunzaje basi?

Pendekezo langu ni hili. Sisi wa vidato vya juu tulio maskauti, tuwaombe walimu ruhusa ya kuwachukua Sungura wa shule za msingi zilizo jirani, jioni moja kwa wiki, tukiwa na mwalimu. Tuwaonyeshe miti, tutaje majina yake kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na kila mtoto apande mche wake. Msitu ukikatwa, hata darasa litakuwa limebomolewa.

Nakomea hapo. Kwaherini.