Dian Fossey: Aliyechangisha fedha kwa jina la Digit

Ukitoka Bujumbura kuelekea Gatumba unaipita hifadhi ya taifa ya Rusizi karibu kabisa na mji. Ina viboko, ina ndege, na ndiko alikovuma Gustave, mamba aliyejulikana dunia nzima. Nimewahi kuulizwa kwa nini pasijengwe hapo nyumba ya kupokelea wageni kama ile iliyofunguliwa mwaka 2022 huko Kinigi, Rwanda, chini ya milima ya Virunga. Swali ni zuri. Ila fedha za Kinigi zilianza kutafutwa zamani, na aliyeanza ni mwanamke ambaye watalii alikuwa hawataki hata kuwaona.

Dian Fossey alizaliwa Januari 16, 1932 mjini San Francisco, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuwazoeza watoto walemavu katika hospitali moja ya Louisville, jimbo la Kentucky. Mwaka 1963 alikopa fedha benki, akaja Afrika ya Mashariki kutembea. Huko Olduvai, Tanganyika, alikutana na Dk. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale. Miaka mitatu baadaye Leakey alimkuta tena Louisville, akamtafutia wafadhili ili akawachunguze gorila wa milimani, ambao Warundi na Wanyarwanda tunawaita ingagi.

Mwanzoni mwa 1967 alipiga hema Kabara, upande wa Kongo. Julai mwaka huo vita vilizuka Kivu, askari wakamteremsha na kumweka kizuizini Rumangabo. Waliowahi kukwama mpakani watamwelewa: kwa maelezo aliyoyaacha mwenyewe, aliwaambia askari kwamba makaratasi ya gari lake na fedha viko Kisoro, Uganda, wamsindikize akavichukue. Walipofika Kisoro alikimbilia hotelini na hakurudi. Septemba 24, 1967 alianza upya upande wa Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Bisoke, na kambi akaiita Karisoke kwa kuunganisha majina hayo mawili. Wanavijiji wakamwita Nyiramacibiri.

Wakati huo mbuga ilikuwa inaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Rwanda ilimega kiasi cha hekta 10,000 za msitu ili wananchi walime pareto. Ng'ombe walichungwa ndani, na wawindaji walitega mitego ya swala iliyokata mikono ya gorila. Fossey alivunja mitego, akachoma vibanda vya wawindaji, akawakamata na kuwatendea kwa ukali. Sitaki kuupamba ukali huo. Waliokuwa wakitafuta mboga ya watoto wao walimwona kuwa adui, na mgeni aliyekaa katika nchi ya watu miaka mingi hivyo angeweza kutafuta njia nyingine.

Siku ya mwisho ya mwaka 1977 gorila dume aitwaye Digit aliuawa kwa mikuki akilikinga kundi lake. Walimkata kichwa na mikono. Fossey alikuwa amemjua tangu akiwa mdogo, na jina alimpa kwa sababu ya kidole chake kilichokuwa na kasoro. Isitoshe, picha ya Digit ilikuwa imetumika kwenye mabango ya kuwakaribisha watalii Rwanda. Habari ilipotangazwa kwenye televisheni za Marekani watu walihuzunika, na mwaka 1978 Fossey akaanzisha Mfuko wa Digit kuwalipa watu wa doria.

Mimi hapo ndipo ninapoona siri ya michango. Aliye mbali si rahisi atoe fedha kwa hekta za msitu. Anatoa kwa Digit, mwenye jina na sura. Gustave wetu naye alipata jina, lakini la kutisha: likawavutia watengeneza filamu, hakuna aliyemlilia.

Fedha zikaleta ugomvi. Mwaka 1979 mashirika mengine ya hifadhi yalianzisha mradi wao Virunga, wa ulinzi, elimu na utalii. Fossey aliamini kuwa michango iliyotolewa kwa ajili ya Digit imepelekwa huko, na utalii aliupinga: wageni wataleta magonjwa, na fedha zitaishia ofisini huku mitego ikibaki msituni. Kuhusu utalii nadhani alikosea. Serikali ilikuwa ikifikiria kutoa sehemu nyingine ya mbuga kwa malisho, na fedha za wageni ndizo zilizoipa sababu ya kuiacha. Kuhusu mitego alikuwa sahihi.

Mwaka 1983 alitoa kitabu kilichomletea umaarufu. Mwishoni mwa Desemba 1985 alikutwa ameuawa kwa panga ndani ya nyumba yake Karisoke. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mmarekani mmoja bila yeye kuwepo, naye amekana siku zote.

Mfuko wa Digit baadaye ulipewa jina la Fossey. Vita vya 1994 vikaiharibu Karisoke, wafanyakazi wakatawanyika, baadhi wakawa wakimbizi Kongo. Waliporudi walianza tena kufuata nyayo za gorila, na ofisi ikahamia mjini Ruhengeri, yaani Musanze ya leo, katika majengo ya kupanga. Mwaka 2018 mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Ellen DeGeneres, alipewa na mwenzi wake zawadi ya siku ya kuzaliwa: ahadi ya kujenga kituo cha kudumu kwa jina lake. Wachangiaji wengine wakaongeza. Kinigi sasa pana maabara, madarasa na jumba la maonyesho kwa wageni.

Hesabu ya 1981 ilikuta gorila wapatao 250 Virunga. Ile ya 2015-2016 ilikuta 604. Mwaka 2017 ada ya mgeni wa nje anayetaka kuwaona upande wa Rwanda ilipandishwa hadi dola 1,500. Wapo pia wanaolipa kupanda hadi Karisoke penyewe, kuliona kaburi la Fossey. Limechimbwa pembeni ya lile la Digit.