Askofu Steere na Majirani Zake Waislamu

Mgeni afikapo Mkunazini, mjini Unguja, huonyeshwa Kanisa Kuu la Kristo na kuambiwa kwamba limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Hutajiwa pia jina la Askofu Edward Steere, aliyelijenga. Habari hizo tumezisikia tangu Shule ya Jumapili. Lakini iko habari nyingine ya Askofu huyu isiyosimuliwa sana, nayo ni jinsi alivyoishi na Waislamu wa mji ule. Kwa kuwa katika mtaa wetu ni shida kupata nyumba isiyo na shemeji, jirani au mwenzi wa kazi wa dini ile, nimeona vema tuikumbuke.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria hata akapata udaktari wa sheria, lakini uwakili haukumkaa moyoni; akaingia katika kazi ya Kanisa, akawa padre wa shamba huko Lincolnshire. Rafiki yake, Padre Tozer, alipofanywa Askofu wa misheni ya UMCA mwaka 1863, Steere alimsindikiza mpaka nchi za mto Zambezi. Kazi ya huko haikufaulu, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Unguja ya siku zile ilikuwa mji wa Kiislamu, chini ya Sayyid Majid. Wamisheni walikuwa wageni wachache sana. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa, nao walikabidhiwa kwa Askofu Tozer na Sultani mwenyewe. Mmoja wao, John Swedi, Steere alikuja kumpa ushemasi mwaka 1879. Hivyo hata mwanzo wa shule yetu umepitia katika mikono ya mtawala Mwislamu, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi tunaposimulia.

Steere hakuwa na ulimi wa kuhubiria, maana Kiswahili hakukijua. Ikambidi akae chini awe mwanafunzi. Walimu wake walikuwa Waislamu, maana hapakuwa na wengine. Aliketi na vijana na wazee, akiuliza jina la kila kitu, akiandika, akisomewa, akisahihishwa. Aliwaomba wamsimulie hadithi, naye aliziandika kwa maneno yao. Mwaka 1870 zilitoka katika kitabu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo zimo habari za Sultani Darai, na punda wa dobi, na Liongo, na yule mwalimu Goso aliyeuawa na buyu lililomwangukia kichwani akisomesha chini ya mti. (Sisi walimu kisa hicho hatukisahau.) Mwaka huohuo alitoa pia kitabu cha sarufi na maneno ya Kiswahili, kilichotumiwa na wageni wengi kwa miaka mingi. Mtu aliyekuja kufundisha alitumia miaka yake ya kwanza kusikiliza kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Palikuwa na mwanachuoni mkubwa mjini Unguja, Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi, mwalimu wa wengi. Sheikh huyu alijitolea kwa hiari yake kumsaidia Steere kuzitafsiri Zaburi kutoka Kiarabu ziwe Kiswahili safi. Tufikiri kidogo maana yake. Kadhi wa Kiislamu na padre wa Kianglikana wanashughulikia Zaburi za Daudi, ambazo dini zote mbili zinazitaja kwa heshima. Hapakuwa na hila. Kila mmoja alimjua mwenzake ni nani na anaamini nini.

Kazi ile haikuendelea mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno, hata mtu wa kawaida angeona taabu kukifuata. Wakakoma kwenye Zaburi ya 16. Mwingine angeziweka karatasi zile sandukuni akanyamaza. Steere alizipiga chapa, kisha akaeleza wazi katika utangulizi wa kitabu chake cha sarufi kwamba alifanya hivyo iwe ukumbusho wa wema wa Sheikh, na mfano wa Kiswahili bora kwa kadiri ya mtaalamu wa Unguja. Mimi naona hapo ndipo adabu ya mtu huyu inapoonekana. Msaada ambao hakuweza kuutumia, aliushukuru mbele ya watu.

Alipotafsiri Agano Jipya, hakubuni maneno mageni pale ambapo watu walikuwa na maneno yao. Sala, imani, dhambi, toba, rehema, malaika, nabii, sadaka: yote hayo yalikuwa vinywani mwa Waswahili Waislamu karne nyingi kabla ya misheni kufika. Hata jina la Bwana wetu aliliandika Isa Masiya, kama wenyeji walivyozoea kulisikia. Matoleo ya baadaye yakageuza kuwa Yesu Kristo, na sina ugomvi na hilo. Lakini nimewahi kumsikia Mkristo akimcheka jirani kwa kusema Isa, asijue kwamba Wakristo wa kwanza wa Unguja walisoma jina hilohilo katika Injili yao.

Mtu asidhani kwamba Steere alikuwa mwoga wa kusema anachoamini. Biashara ya watumwa aliichukia kabisa. Soko lilipofungwa mwaka 1873, kwa mkataba aliotia sahihi Sayyid Barghash, misheni ilipata kiwanja kile. Sehemu yake ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, naye hakuwa Mkristo. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Kabla kanisa halijasimama, Steere alihubiri palepale katika kibanda cha udongo, kwa Kiswahili, mbele ya yeyote aliyependa kuingia. Waislamu waliokuja walikuwa huru kuuliza na kubisha. Alisema wazi kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, neno ambalo kwao ni zito sana, naye alijua ni zito. Lakini alilisema kwa lugha aliyofundishwa na wao, nao walikuwa wanamjua.

Mimi nimewahi kusimama katika mkutano wa hadhara ambapo mhubiri, kwa kipaza sauti, alikichezea kitabu cha wenzetu huku watu wakicheka. Jirani yangu alikuwa akipita njiani akitoka kazini. Aliniona. Kwa muda wa majuma mengi hatukuwa na la kusemezana ila salamu, na salamu yenyewe ilikuwa fupi. Nilipokuwa nikisoma habari za kibanda cha Mkunazini, nilimkumbuka.

Je, Steere aliwapata wangapi? Wachache mno. Waliobatizwa katika siku zake walikuwa hasa watumwa walioachwa huru, wale wa Mbweni, na wale aliowaongoza mwenyewe kwenda Masasi mwaka 1876. Wenye mji wengi walibaki katika dini yao. Wako waliosema kwamba jasho lote lile kwa ajili ya Waunguja lilikuwa bure. Siafiki. Saa ya mnara wa Kanisa Kuu inasemekana ni zawadi ya Sayyid Barghash, na zawadi ya namna hiyo haipewi adui.

Steere alikuwa Askofu tangu mwaka 1874. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Biblia nzima ilikamilishwa na wengine, ikatoka mwaka 1891. Sheikh Abdulaziz aliishi miaka 14 zaidi, akifundisha dini yake Unguja mpaka alipofariki mwaka 1896, na zile Zaburi zake 16 zilikwisha kupigwa chapa na misheni.