Pestalozzi: Nadharia na Vitendo katika Maisha ya Mwalimu

Katika vyuo vya ualimu nadharia aghalabu hutangulia, na vitendo husubiri majira ya mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo wanachuo wengi hudhani kuwa kazi ya darasa ni kutekeleza tu yale yaliyokwisha kuamuliwa vitabuni. Katika makala hii tunakusudia kuyatazama maisha ya Johann Heinrich Pestalozzi, ambaye jina lake hutajwa katika kila somo la historia ya elimu, lakini ambaye makosa yake hutajwa kwa nadra.

Pestalozzi alizaliwa Zürich, katika Uswisi, mwaka 1746. Katika ujana wake alikisoma kitabu cha Rousseau kiitwacho Émile, kilichotoka mwaka 1762, akavutiwa mno na fikra ya kumlea mtoto kwa kufuata maumbile yake. Mwanawe wa pekee, aliyezaliwa mwaka 1770, alilelewa kwa nadharia hiyo, na mwaka 1774 baba aliandika shajara ya malezi hayo. Matokeo yake yalikuwa machungu: mtoto alipofikia umri wa miaka 11 alikuwa bado hajamudu kusoma na kuandika. Nadharia iliyopendeza kitabuni haikumtosha mtoto aliye hai.

Wakati huo huo Pestalozzi alikuwa na shamba, Neuhof, karibu na kijiji cha Birr. Kilimo kilipomshinda, aliwakusanya watoto wa maskini mwaka 1774 ili wasokote nyuzi, wafume na kulima huku wakijifunza. Alitumaini kuwa kazi yao ingegharamia masomo yao. Haikuwa hivyo, na mwaka 1780 mradi ulifungwa kwa madeni. Sisi wa Afrika Mashariki, tulioijua siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa Tanzania mwaka 1967, tunaielewa vema shida hiyo: shamba la shule likidaiwa mapato kwanza, kujifunza hubaki nyuma.

Mwezi Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yalivunja upinzani wa watu wa Nidwalden, na watoto wengi wakabaki yatima. Mwezi Januari 1799 Pestalozzi alikabidhiwa yatima wapatao 80 katika mji wa Stans. Hakuwa na vitabu wala zana za kufundishia, na msaidizi wake alikuwa mtunza nyumba tu. Aliishi na watoto, akala nao, akawauguza. Na waliotangulia kuelewa aliwaweka wawafundishe wenzao. Mwezi Juni kazi ilikoma, jengo lilipotakiwa liwe hospitali ya askari. Hata hivyo, ni katika miezi hiyo michache ya dhiki ndipo njia yake ya kufundisha ilipoanza kupata umbo.

Huko Burgdorf aliieleza njia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1801. Kwa muhtasari, mtoto aanze na kitu anachokiona na kukigusa, atambue idadi yake, umbo lake na jina lake, ndipo afikie kanuni. Lakini mwanafunzi wake mmoja, Johannes Ramsauer, ameacha kumbukumbu ya jinsi walivyosimama kwa muda mrefu mbele ya karatasi kuukuu za ukutani, wakitaja matundu yake na maumbo yake, wakirudia sentensi za mwalimu. Hivyo hata uchunguzi wa vitu uliweza kugeuka wimbo wa kukariri.

Shule yake ya Yverdon, iliyoanza mwaka 1805, ilipata sifa Ulaya nzima. Friedrich Froebel, mwanzilishi wa shule za chekechea, alikaa huko tangu 1808 hadi 1810. Baadaye walimu waligombana, na shule ikafungwa mwaka 1825. Pestalozzi alifariki mwaka 1827.

Yafaa basi sisi wakufunzi tusiwafundishe wanachuo njia ya Pestalozzi kana kwamba ilishuka ikiwa kamili. Ilitokana na mtoto asiyejua kusoma, shamba lililofilisika na yatima wasio na vitabu. Mwanachuo anaporudi kutoka mazoezini na andalio la somo lililoshindwa, asipewe alama na kuachwa. Aulizwe somo lilikwama wapi, na watoto walifanya nini lilipokwama. Majibu yake ndiyo yawe mwanzo wa mhadhara wa nadharia unaofuata.